Feni Mbili, Ng'ombe Wanne

Tangu nirudi, sijaweza kununua hata kiberiti bila kuulizwa. Watu wa kwaya wameniuliza, majirani wameniuliza, mchungaji naye aliniuliza mlangoni pa kanisa huku foleni ya kusalimiana ikiwa imesimama nyuma yangu: ilikuwaje safari ya Oldonyo Sambu, ambayo mtu huenda akarudi akawahi chakula cha mchana, ikanila siku nzima, na kwa nini nimerudi sina maneno? Nimemjibu kila mtu kipande chake, na vipande hivyo sasa vinatembea mtaani vikiwa na miguu ambayo mimi sikuvipa. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi, akae chini asome.

Maji ya Chai mpaka Tengeru

Tulitoka nyumbani Maji ya Chai saa kumi na mbili asubuhi, mimi na Eliakimu. Eliakimu ni jirani na rika langu, tulipata kipaimara siku moja, na ndiye anayeendesha lori langu tangu macho yangu yaanze kunidanganya. Lori lenyewe mnalijua, la tani tatu na nusu, lenye maneno BADO NIPO juu ya kioo cha mbele. Ni la zamani kuliko ndoa yangu, na mke wangu anasema linapendwa zaidi. Nyuma tulikuwa tumepakia migomba iliyokatwakatwa, mabua ya mahindi na marobota ya nyasi kavu mpaka juu ya vyuma vya bodi, na katikati yake mapipa matatu ya maji.

Mzigo wote ulikuwa wa mdogo wangu Anasia. Aliolewa upande wa pili wa Mlima Meru, kule magharibi kwa wafugaji wa Kiarusha, na mume wake Loishiye ni mtu mwema anayeongea kwa kipimo. Sisi huku kwenye migomba tulilalamika tu kwamba mvua zimechelewa. Kwao misimu miwili ilipita bila nyasi kuota. Zizi lililokuwa na ng'ombe zaidi ya thelathini lilibaki na wanne, na mmoja wao, mwekundu mwenye baka jeupe pajani, alikuwa mjukuu wa mtamba ambaye baba yetu alimpa Anasia siku ya kuolewa.

Naomba mwelewe jambo moja hapa, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa hulala chini na hawezi kuinuka mwenyewe. Watu humwinua, mmoja mkiani, wengine kwa fito chini ya tumbo, na akishasimama inabidi akute chakula mbele yake. Akila akiwa amesimama, miguu inaanza kupata nguvu. Akisimamishwa bila chakula, anazimaliza nguvu zake za mwisho kwa kusimama tu, na akianguka tena mara nyingi ndiyo basi. Jana yake Anasia aliniambia kwenye simu, "Kaka, ukifika Ngaramtoni unipigie, ndipo tuwainue. Wakisimama hawamalizi saa moja." Nikamwambia asiwe na shaka.

Tulipoikaribia Tengeru tulisikia kishindo kimoja cha chuma chini ya viti, kisha mvuke ukapanda mbele ya kioo mpaka hatukuiona barabara. Eliakimu alilitoa lori pembeni. Tulipoinua kebini tulikuta feni ya injini, ile inayozungushwa na mkanda, imekatika mapanga mawili, na moja lilikuwa limechana mpira wa maji. Rejeta yenyewe ilipona, sijui kwa neema gani.

Eliakimu alikata sehemu iliyochanika, akauvuta mpira na kuufunga upya kwa klipu. Feni iliyobaki tukaifungua kabisa isije ikaua kitu kingine. Kisha tukajaza maji kutoka kwenye pipa la kwanza, dumu moja, halafu la pili. Niliona vibaya kuyatazama maji ya ng'ombe yakiingia kwenye chuma, lakini nikajiambia mapipa ni matatu.

Simu ikaita. Alikuwa Anasia.

"Kaka, mmefika wapi?"

"Tunaingia mjini," nikasema.

Tulikuwa Tengeru, kebini imeinuliwa, Eliakimu yuko chini ameshika klipu kwa meno. Wala sikuona kama nimesema uongo. Ndivyo tunavyojibu wote: aliye nyumbani anasema yuko njiani, aliye njiani anasema anaingia, na anayengoja anajiongezea muda mwenyewe. Eliakimu alinitazama kutoka kule chini, kisha akaendelea na kazi yake.

Tengeru mpaka Kaloleni

Lori lisilo na feni linaweza kutembea likipata upepo wa barabarani, ila likisimama linachemsha. Na kuanzia Tengeru mpaka mjini, saa za watu kwenda kazini, ni kusimama tu. Tukawa tunakwenda kidogo, mshale wa joto ukipanda tunazima, tunangoja, tunawasha. Askari wa barabarani alikuja dirishani kutuuliza kama tumelala. Mwanamke mmoja mwenye sinia la ndizi mbivu alitupita mara tatu kwa miguu, na mara ya tatu akatuuzia, akisema angalau tule huku tunamsubiri atupite tena.

Sikucheka. Kichwani nilikuwa nahesabu saa. Tulifika Kaloleni saa nne na nusu, na pipa la kwanza lilikuwa limepungua kufika karibu nusu.

Kaloleni: kuchagua na kufunga

Fundi Zakayo anafanyia kazi kwenye kiwanja kidogo katikati ya nyumba za kupanga, mahali ambapo huwezi kuingiza lori bila kumwomba mtu aanue nguo zake. Ni fundi mzuri na naendelea kusema hivyo. Aliishika ile feni iliyovunjika, akaigeuzageuza.

"Hii ya kwako, Mwalimu, hupati. Labda uagize, usubiri."

"Sina muda wa kusubiri. Kuna ng'ombe wanakufa."

"Basi tukuwekee za umeme. Twende."

Duka la spea za mtumba lilikuwa nyumba ya tatu. Mle ndani feni zilikuwa zimerundikwa pembeni, zikiwa bado na fremu zake za plastiki kama zilivyong'olewa kwenye magari madogo. Nilichagua haraka: moja kubwa yenye mapanga mengi. Zakayo aliizungusha kwa kidole, akaweka sikio, akaitikisa. Ilicheza kwenye ekseli yake. Akasogeza pua kwenye mota, akanivuta na mimi ninuse. Ilinuka kuungua.

"Usihesabu mapanga," akasema. "Hesabu afya ya mota. Halafu gari lako ni la volti ishirini na nne, na hizi zote ni za kumi na mbili. Inabidi tupate mbili pacha, tuzifunge moja baada ya nyingine zigawane umeme sawa. Zisipokuwa pacha, moja itakula umeme wa mwenzake na zote zitakufa."

Tulitafuta pacha kwa muda ulionitoa jasho. Tulizipata mbili za aina moja, tukapima upana wake na upana wa rejeta kwa futi kamba, na zikaenea zikiwa zimekaa bega kwa bega. Zakayo alizijaribu kwenye betri, akazizima, akatazama zinavyopunguza mwendo. Zilisimama taratibu, bila kukwaruza. Akaridhika.

Kufunga nako kulikuwa na mabishano. Nimeona mafundi wanaopitisha vishikizo vya plastiki kwenye mapezi ya rejeta yenyewe, na Zakayo anawaita wauaji. Yeye alikata vyuma bapa, akatoboa matundu, akaweka vipande vya mpira wa tairi katikati ili mtikisiko usiitoboe rejeta, kisha akafunga kwa bolti kwenye fremu ya gari. Shida ikawa nafasi. Nyuma ya rejeta, upande wa injini, zile feni hazikuingia. Tukazihamishia mbele, nyuma tu ya sho, yaani wavu ule wa pua ya gari. Alizilaza juu ya rejeta vilevile zilivyokuwa zimelala kwenye rejeta za magari zilikotoka. Akavuta waya mnene, akaweka fyuzi na swichi kwenye dashibodi.

Wakati akivuta waya, jirani yake alituletea loshoro, makande yaliyochanganywa na mtindi, kwenye mabakuli mawili, na mtindi wake ulikuwa mkali kama ninavyoupenda. Nilikula vijiko vitatu nikashindwa. Saa saba kasoro. Eliakimu alimaliza bakuli lake na langu.

Simu iliita wakati Zakayo anawasha feni kwa mara ya kwanza. Nikaziba sikio moja.

"Kaka, mko wapi sasa?"

Niliona aibu kumwambia bado tuko Kaloleni. Asubuhi nilikuwa nimeshasema tunaingia mjini, ningeonekana tumekaa mjini tunakunywa chai. Nikapima kichwani: dakika kumi tunaondoka, barabara ni lami, tutafidia.

"Tuko Ngaramtoni hapa," nikasema.

"Haya. Basi tunaanza kuwainua."

Wakati huohuo Zakayo akaniita kwa sauti nije nijaribu upepo. Maneno ya Anasia niliyasikia, hilo sitalikana. Niliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Nikaenda mbele ya lori. "Weka mkono, Mwalimu," Zakayo akasema. Nikaweka mkono mbele ya sho, na upepo uliotoka pale ulikuwa mkali kiasi cha kunivua kofia. Watu waliokuwa wakitazama wakacheka, wengine wakaja kuweka mikono yao. Kila mmoja alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi niliyefundisha sayansi miaka zaidi ya ishirini niliokota kofia yangu nikasema hizo ndizo feni. Tuliacha injini iungurume dakika ishirini palepale, na mshale ukakaa katikati bila kusogea. Nani angebisha?

Kaloleni mpaka Ngaramtoni

Tuliondoka saa nane. Mpaka Sakina mambo yalikuwa shwari kwa sababu tulitembea kwa kusimamasimama, na nilianza kumweleza Eliakimu jinsi umeme unavyogawanyika kwenye feni mbili. Baada ya Sakina barabara ikafunguka, tukaanza kuupanda ule mlima mrefu usioonekana kama mlima. Eliakimu akakanyaga mafuta. Mshale ukaanza kupanda.

"Linapanda," akasema.

"Ni mzigo. Litatulia."

Halikutulia. Tulisimama, feni zikivuma, na kabla sijashuka na dumu mshale ulikuwa umeshaanza kurudi. Tukaondoka. Ukapanda tena, haraka kuliko mwanzo. Tukasimama, ukashuka. Nimesafiri na lori hilo zaidi ya nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona jambo hilo, gari linalopoa likisimama na kuchemka likitembea. Ni kinyume cha kila kitu tulichokiona asubuhi. Nilihisi kama kuna mtu ananichezea.

Mara ya tatu mfuniko wa rejeta ulirusha maji ya moto mpaka kwenye kioo. Tukamimina madumu mawili. Pipa la kwanza lilianza kulia chini tulipochota.

"Tuzime hizi feni tujaribu," Eliakimu akasema. "Leo asubuhi bila feni, tulipopata upepo lilikuwa linatembea vizuri."

"Feni zinapoza. Ukizima kinachopoza unapata nini?"

"Sijui. Nasema tujaribu."

"Wewe endesha."

Nililisema kwa ukali, na ninaandika hapa ili ajue ninakumbuka. Aliendesha, mimi macho yangu kwenye mshale, na ndipo maneno ya Anasia yaliponirudia yote kwa pamoja. Tunaanza kuwainua. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilipiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena na tena, kisha nikampigia Loishiye, naye hapatikani. Pale kwao simu huchajiwa dukani, na betri ikiisha imeisha. Sikumwambia Eliakimu kwa nini nilikuwa napiga.

Ngaramtoni

Tulifika Ngaramtoni saa kumi kasoro robo, karibu muda wa saa tatu baada ya mimi kusema tumefika. Tuliegesha pembeni mwa soko, injini ikiwaka, feni zikivuma, mshale ukishuka kama kawaida yake. Nilipanda juu ya mzigo kuchota maji, na nilipotazama chini nikakuta wanawake sita wenye madumu matupu wamejipanga nyuma ya lori.

"Dumu mnauzaje?" wa kwanza akauliza.

"Hatuuzi, mama. Haya ni ya ng'ombe."

"Bomba halijatoa maji wiki hii, baba. Ng'ombe wanywe, sisi je?"

Hakusema kwa hasira. Wengine waliamini tunapandisha bei, wakasubiri. Nilishuka niwaeleze vizuri, na niliposhuka nikamwona mwanamke mmoja mzee ambaye hakuwa na habari na maji yetu. Alikuwa amesimama mbele ya pua ya lori na ungo wa maharage, anapepeta. Aliyarusha maharage juu, akayadaka, akayarusha tena, na kila aliporusha, makapi yaliondoka kwa wingi kuelekea barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Msizime kwanza, nimalizie debe langu. Tangu asubuhi hakuna upepo hapa, na huu wenu ni mzuri."

Nilibaki nimesimama. Makapi yalitoka mbele ya lori, yakaenda mbali na lori. Nilitazama mizunguko mitatu ya ungo kabla kichwa hakijapokea. Upepo ulikuwa unatoka. Kule Kaloleni nilivuliwa kofia nikafurahi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini feni ya gari inampulizia mtu aliye mbele yake. Kwetu feni ni kitu kinachokupuliza, kama ile ya kanisani. Ukisikia upepo usoni unasema inafanya kazi.

Zile feni zilitengenezwa zikae nyuma ya rejeta na kuvuta upepo kutoka mbele. Sisi tulizihamishia mbele bila kuzigeuza, zikaendelea kuvuta upande uleule wa kwao: kutoka kwenye rejeta, kwenda nje. Lori likisimama, upepo wowote unaopita kwenye rejeta unapoza. Lori likitembea, upepo wa barabarani unaingia, feni zinausukuma utoke, na rejeta iko katikati haipati chochote. Kadiri tulivyokimbia ndivyo tulivyojifungia pumzi.

"Eliakimu," nikaita. "Njoo uone makapi yanakwenda wapi."

Alikuja akatazama.

"Nilisema tuzime," akasema, basi.

Nilimpigia Zakayo. Nilimweleza habari ya makapi, nikasikia nyundo ikigonga nyuma yake, kisha akaniomba radhi kwa utaratibu ambao ulinifanya nimwombe na mimi. "Geuzeni nyaya mbili za mwisho, Mwalimu, chanya iwe hasi. Zitazunguka kinyume. Hazitakuwa na nguvu zote, maana mapanga yamekatwa kwa upande mmoja, lakini mtafika. Kuzigeuza zenyewe njoo kwangu."

Eliakimu alifanya kazi hiyo kwa kisu na utepe, dakika kumi, na mimi nikimmulikia kwa simu ingawa jua lilikuwa bado kali, kwa sababu nilitaka kuwa na la kufanya. Alipowasha, mama wa maharage alirusha ungo wake kama kawaida, na makapi yote yakairukia sho, yakaganda pale.

"Sasa mmeharibu," akasema.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa nimeharibu. Nilibandua makapi kwa mikono, nikampa yeye dumu moja la maji, na lingine nikampa yule aliyeniuliza swali. Wale wengine walinitazama, nami nikatazama chini. Simu ya Anasia ilikuwa bado haipatikani.

Ngaramtoni mpaka zizini

Zakayo alisema kweli, feni zilikuwa na nusu ya nguvu. Mshale ulipanda mpaka karibu na nyekundu ukagoma hapo. Tulifungua hita ya kebini ili nayo ivute joto la injini, tukapanda Lengijave tukiwa tunatoka jasho kwenye vidole vya miguu. Hatukusimama hata mara moja. Kila kilima niliona ndiyo mwisho wetu, na kila mteremko nilipumua. Oldonyo Sambu tuliipita bila kununua hata maji ya kunywa. Kisha tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi ambayo sisi tuliita barabara siku ya harusi ya Anasia.

Huko ndiko nilikomwambia Eliakimu nilichosema kwenye simu saa saba. Alishika usukani, akavuka korongo kavu, akapandisha upande wa pili, ndipo akajibu.

"Na asubuhi pale Tengeru nilikusikia. Nikasema moyoni, kila mtu husema hivyo."

Tulifika saa kumi na moja na nusu. Sikusubiri lori lisimame vizuri.

Zizini palikuwa na watu saba. Walikuwa wamewafunga ng'ombe wawili kwa shuka zilizopita chini ya tumbo, ncha za shuka zikiwa mabegani mwa wanaume, wawili kwa kila ng'ombe. Wa tatu alikuwa ameegemezwa kwenye ua, Loishiye amemzuia kwa mgongo wake, miguu ya Loishiye ikitetemeka. Anasia alikuwa amesimama katikati. Nilijua mara moja kwamba hawakuanza kufanya hivyo sasa hivi.

Tulishusha migomba kwa mikono, bila mpango, tukiwarushia mbele ya midomo. Maji ya pipa la pili tukayamimina kwenye karai. Wale watatu walikula. Walikula wakiwa bado wameshikiliwa, na baada ya muda mmoja wa wale wanaume akateremsha shuka begani kwake, na ng'ombe akabaki amesimama. Yule mwanaume akakaa chini hapohapo kwenye vumbi, akayaangalia mabega yake.

Wa nne alikuwa pembeni, amefunikwa nusu kwa kitenge cha Anasia. Niliona paja. Lilikuwa na baka jeupe.

Nilianza kueleza. Niliongea kama mtu anayefukuzwa: feni ya mkanda, Tengeru, volti, feni pacha, jinsi Zakayo alivyozifunga, makapi ya maharage. Nilimchorea hata mwelekeo wa upepo kwa kidole. Anasia alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kama tulivyofundishwa na mama kumsikiliza kaka.

"Pole, kaka, umeteseka na gari," akasema. Kisha akauliza, "Saa saba mlikuwa wapi?"

"Kaloleni."

Akaitikia kwa kichwa. "Tuliwainua wote wanne. Tukasema ni saa moja tu, tuwashikilie. Huyu tulimshikilia mimi na mama mkwe. Saa tisa mikono yetu ilishindwa."

Alikwenda kuchemsha chai, akatupa na maziwa kidogo aliyopewa na jirani, tukanywa. Eliakimu alikunywa akiwa amegeukia lori. Mimi nililia, na sioni sababu ya kuficha, maana waliokuwepo waliniona.

Sasa mmejua. Feni tumekwisha kuzigeuza, Zakayo alikataa kunidai kitu na mimi nikakataa kumlaumu, na Bado Nipo linapanda Ngaramtoni mshale ukiwa katikati. Juzi jioni tulijaza tena mabua na migomba, na mapipa manne safari hii. Jana asubuhi Anasia alinipigia kabla sijamaliza chai.

"Kaka, mmefika wapi?"

Eliakimu alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Nilimwona akiacha kuuchezesha.

"Niko sebuleni," nikamwambia. "Sijavaa hata viatu."

Nyuma ya Anasia nilisikia ng'ombe mmoja akilia.

"Haya," akasema. "Basi tunawaacha walale kwanza."